Kodi tatu na kinanda cha mtumba: shajara ya fundi cherehani

Siku ya 1

Kinanda kimeingia ndani leo jioni, kimefungwa shuka kuukuu kama mgonjwa anayepelekwa zahanati. Ni cha mtumba, vibao 61: vyeupe 36, vyeusi 25. D ya juu kabisa hailii mpaka uibonyeze kwa hasira. Stendi sina, kwa hiyo nimekilaza juu ya meza ya kukatia vitambaa. Mke wangu alikitazama, akanitazama mimi, akauliza, "Baba watoto, na zile suti za kipaimara?" Nikamwambia suti zitashonwa.

Sababu ya yote haya ni kwamba mpiga kinanda wa kigango chetu kahamia Dodoma kikazi, na tangu aondoke tunaimba kavu. Mimi ni tena. Nimeimba sauti ya tatu miaka kumi na mmoja, nota za d r m (do, re, mi) nazisoma kama gazeti, lakini kinanda sijawahi kukigusa isipokuwa kukibeba kukitoa sakristia.

Lengo: kupiga nyimbo nne za misa, yaani ya mwanzo, ya matoleo, ya komunyo na ya mwisho, bila kuiabisha kwaya. Muda: miezi mitatu. Nusu saa kila usiku nikishafunga kibanda. Naandika ili nisijidanganye.

Siku ya 2

Neno lenyewe kwanza. Wapigaji husema kodi, na nyumbani kwangu kodi ni ile ya mwenye nyumba. Mtoto kamwambia mama yake, "Baba anajifunza kodi." Akajibiwa, "Angejifunza kuilipa."

Kodi ya kinanda ni sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja. Nimeanzia C, kibao cheupe kilicho kushoto mwa vile vyeusi viwili vilivyopakana. Kutoka hapo unahesabu kila kibao, cheupe kwa cheusi, na kila hatua ni nusu toni. Hatua nne unafika E. Tatu zaidi unafika G. C, E, G: hiyo ni C meja. Ukianza na tatu halafu nne unapata C, E flati, G: C maina. Mwanzo na mwisho ni vilevile, kibao cha kati tu ndicho kimesogea nusu toni, na chumba kizima kimebadilika hali ya hewa. Hili nimelirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Meja, maina, meja, maina. Nusu toni moja! Kwenye kola ya shati nusu sentimita hakuna anayeiona.

Nne halafu tatu. Nimezunguka na kipimo hicho vibao vyote 12 na kimekubali kila mahali. D imenipa D, F shapu, A (shapu ni nusu toni juu, flati ni nusu toni chini). E imenipa E, G shapu, B. Sikuhitaji picha za kukariri, nilihitaji kuhesabu tu, na kuhesabu ndiyo kazi yangu.

Siku ya 4

Vidole. Mkono wa kulia: gumba kwenye C, cha kati kwenye E, kidogo kwenye G. Cha pete kinajiona nacho kimealikwa, kinabonyeza F bila kuitwa. Dakika 30 zote zimekwisha kwa kugombana na kidole kimoja.

Siku ya 7

Kodi tatu zinazobeba nyimbo nyingi za kanisani ni ya kwanza, ya nne na ya tano. Ukiwa kwenye C, ukihesabu vibao vyeupe, ni C, F na G. Nimejua umbo moja la mkono, kwa hiyo nalihamisha lote: C, halafu naruka hadi F, halafu G, halafu narudi. Kila kuruka lazima nitazame chini. Metronomu ya simu, ile inayogonga mapigo, nimeiweka 60 kwa dakika, na hata hapo inanipita kama daladala iliyojaa.

Mke wangu anasema kutoka jikoni inasikika hivi: tam, kimya, tam, kimya, kosa, tam.

Siku ya 8

Umeme ulikatika saa mbili. Betri ndogo sita zinakiendesha vizuri. Nimepiga gizani, nikagundua kwamba nisipotazama mkono nakosea kidogo zaidi lakini nasikia zaidi.

Siku ya 10

Nimefungua kinanda. Bisibisi, skrubu nyingi, zote nimezipanga kwenye sahani kwa mpangilio wa zilikotoka. Chini ya vibao kuna ukanda wa raba wenye vidoti vyeusi vya kaboni. Ukibonyeza kibao, kidoti kinagusa bodi na hapo ndipo sauti inapozaliwa. Nimesafisha kwa pamba na spiriti. Vibao viwili vilivyokuwa vinakwamakwama vimepona. D ya juu imegoma.

Siku ya 12

Leo naandika marefu.

Nilimpitia mwalimu wa kwaya baada ya mazoezi. Mzee huyu amefundisha kwaya tangu mimi niko shule ya msingi. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba. Nasikia umenunua mdomo mkubwa." Akaniambia nipige nilichonacho kwenye kinanda cha kigango. Nikapiga C, nikaruka F, nikaruka G, nikarudi C.

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, unapiga kama mtu anayeruka madimbwi. Hebu niimbie tena yako, mstari wa mwisho wa matoleo."

Nikaimba: m, f, r, m.

"Umeruka?"

"Hapana, Mwalimu."

"Sasa mkono unaruka kwenda wapi?"

Akafungua karatasi ya nota ile ile ninayoishika kila Jumapili. Ngoja niuandike mstari wenyewe hapa, soprano (sauti ya kwanza) juu, kisha alto, tena, na besi chini; d' ni d ya juu:

S: d' – d' – t – d'
A: s – l – s – s
T: m – f – r – m
B: d – f – s – d

Miaka kumi na mmoja nimeusoma mstari huu kwa ulalo, kutoka kushoto kwenda kulia, na ni mstari wa tatu tu nilioutazama. Mwalimu akaweka kalamu ya risasi wima juu ya safu ya kwanza. Kutoka chini: d, m, s, d'. Hiyo ni kodi ya kwanza. Safu ya pili: f, f, l, d'. Kodi ya nne. Ya tatu: s, r, s, t. Kodi ya tano. Ya nne inarudi nyumbani. Kodi zilikuwa kwenye karatasi muda wote, zimesimama wima, na mimi nilikuwa nimesimama ndani yake nikiimba.

Halafu akanionyesha mkono. Tupige kwenye C, yaani d iwe C. Kushoto, besi peke yake: C, F, G, C. Kulia, sauti tatu zilizobaki kama zilivyo kwenye karatasi:

E–G–C
F–A–C
D–G–B
E–G–C

Mkono hauendi popote. Kidole kidogo kinakaa C, kinashuka nusu toni hadi B, kinarudi. Cha katikati kinatoka G kwenda A, kinarudi G, kinatulia. Na gumba: E, F, D, E. Yaani m, f, r, m. Gumba langu linaimba tena!

Nimerudi nyumbani kwa miguu nikilisogeza hewani. Dereva wa bodaboda akadhani namwita.

Siku ya 13

Kodi hizo zina jina, kodi zilizogeuzwa: noti zilezile tatu, ila iliyokuwa chini kabisa imepelekwa juu, au kinyume chake. C, E, G ikigeuzwa mara moja ni E, G, C. Ikigeuzwa tena ni G, C, E. Ni kodi ileile, mpangilio wa viti tu umebadilika. Nilidhani hili ni somo la mbele, la watu walioendelea. Kwangu lilipaswa kuwa somo la kwanza.

Na kuna jambo nimelipima mwenyewe leo. Kutoka kodi ya kwanza kwenda ya nne noti moja haihami, ni d. Kutoka ya tano kurudi ya kwanza noti moja haihami, ni s. Lakini kutoka ya nne kwenda ya tano hakuna inayobaki, zote tatu zinahama: f-l-d' inakuwa r-s-t. Ndiyo maana hapo ndipo nilipokuwa naanguka kila mara. Dawa: besi inapopanda kutoka f kwenda s, vidole vya kulia vyote vishuke. Mikono inapishana kama watu mlangoni.

Vidole vya E–G–C: gumba, shahada, kidogo. Vya F–A–C na D–G–B: gumba, kati, kidogo. Ukikosea hapa utajikuta umefunga fundo la vidole.

Siku ya 15

Nimeazimwa pedali ya sasteni. Unaikanyaga, sauti inabaki ikilia hata ukiachia kibao. Tatizo ni kwamba mguu wangu umeendesha cherehani ya kukanyaga maisha yake yote. Mguu unaona pedali, unaanza kupiga kazi: kisigino, vidole, kisigino, vidole. Sauti ilikuwa kama mtu anafungua na kufunga dirisha. Nimeirudisha. Tutaonana baadaye.

Siku ya 17

Nimejaribu wimbo wa taifa, kwa sababu sauti zake zote nne nazijua tangu sekondari. Kodi ya 1, ya 4 na ya 5 zinakubeba mbali sana humo. Mwanangu wa darasa la pili aliposikia alisimama wima, mikono ubavuni, akatulia kama wako mstarini. Mimi nikakwama kwenye ya nne natafuta gumba. Kakaa wima vilevile mpaka nikamaliza, karibu dakika tano.

Mwalimu kaniambia kwamba Enoch Sontonga, aliyetunga sauti ya wimbo huo huko Afrika Kusini mwaka 1897, naye alikuwa mwalimu wa kwaya na aliandika kwa nota hizihizi za d r m. Herufi zenyewe zinatoka Uingereza, kwa mwalimu mmoja wa Norwich aitwaye Sarah Glover, kisha John Curwen akazirekebisha na kuzisambaza katika karne ya 19, zikatua Afrika pamoja na wamisionari. Zilibuniwa ili mtu asiyejua mistari ya staffu aweze kuimba. Ni mimi huyo.

Siku ya 21

Kijana mmoja anayepiga kwenye bendi ya harusi alikuja kushonewa suruali, akaona kinanda mezani. Nikamwambia shida yangu: nyimbo zangu nne zina Doh (kibao kinachoitwa d) tofauti. Mwanzo Doh = G, matoleo Doh = F, komunyo Doh = F, mwisho Doh = E flati. Na mimi najua C tu.

Akacheka. "Fundi, unateseka bure." Akabonyeza kitufe cha transipozi mara tano, skrini ikaandika 5. "Sasa piga C yako." Nikapiga C. Ikalia F. Dunia nzima ya Doh imekuwa kitufe!

Suruali nilimpunguzia bei.

Siku ya 22 hadi 30

Sikuandika. Suti za kipaimara, tisa. Mazoezi yamekuwa dakika kumi kumi, lakini kwa transipozi nyimbo tatu kati ya nne zinapita. F ni 5, G ni 7, E flati ni 3. Najiona bingwa.

Siku ya 26 (naiandika kwa kuchelewa)

Kodi za huzuni. Kodi ya sita ni l, d, m: kwenye C hiyo ni A maina. Kutoka ya kwanza kwenda ya sita unahamisha kidole kimoja tu, s inapanda l, mbili zinabaki. Ya pili ni r, f, l: D maina. Ukizichanganya na zile tatu, milango inafunguka. 1-6-4-5 inazunguka yenyewe. 2-5-1 inatua vizuri mno, kama mzigo unaoteremshwa kichwani kwa msaada wa mtu.

Kwa kinyozi wa jirani kulikuwa na wimbo redioni, nikajikuta nimesimama mlangoni nahesabu kwa vidole kwenye paja: 6-4-1-5, 6-4-1-5, tangu mwanzo mpaka mwisho, kodi nne tu. Kinyozi akaniuliza kama nasubiri kunyolewa. Sina nywele.

Siku ya 34

Aibu.

Jumuiya yetu ilikuwa na sala nyumbani kwa mmoja wa akina mama, na mwenyekiti wa kwaya akasema fundi aje na kinanda chake, iwe majaribio. Waya umevutwa kutoka dirishani, kinanda juu ya stuli mbili. Matoleo, Doh = F, transipozi 5. Beti la kwanza limekwenda vizuri kiasi kwamba dada mmoja wa alto alinigeukia akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Katikati ya beti la pili umeme ukapepesa. Taa ilizimika na kuwaka kabla hujamaliza kushtuka. Kinanda nacho kilizimika na kuwaka. Waimbaji hawakusimama, wakaendelea kavu kama tulivyozoea, na mimi nikangoja mwanzo wa kiitikio, nikaingia kwa kujiamini.

Kinanda kikizimwa kinasahau. Transipozi ilikuwa imerudi sifuri. Wao wako F, mimi nimepiga C. Kwa pigo la kwanza ilisikika kama nimekosea kodi tu, kwa kuwa C ni kodi ya tano ya F, ni ndugu. Pigo la pili likaniumbua. Nusu ya soprano wakakifuata kinanda chini, nusu wakabaki juu, wenzangu wa tena wakanyamaza wakinitazama miguu. Mzee wa besi aligeuka polepole, kama mtu aliyesikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikaondoa mikono. Tukamaliza kavu.

Ubaya si umeme. Ubaya ni kwamba nilikuwa nasikia kabisa kuwa nimekosea, najua kabisa kwamba wao wako F, na sikuwa na namna ya kwenda F kwa mikono yangu. Sikio lilifika, vidole havikujua njia.

Siku ya 35

Nimekata kipande cha kitambaa cha suti, nimekibandika kwa plasta juu ya vitufe vya transipozi.

Siku ya 36 hadi 44: F

Ngazi ya Doh hupimwa hivi: toni, toni, nusu, toni, toni, toni, nusu. Ukianza F na kuhesabu unakuta F, G, A, B flati, C, D, E, F. Cheusi kimoja tu. Nilikuwa naogopa kibao kimoja.

Kodi tatu kwa mpangilio wa Mwalimu:

A–C–F
B flati–D–F
G–C–E
A–C–F

Gumba: A, B flati, G, A. Sasa gumba halipewi jina la kibao, linapewa jina la sauti. Nikiliambia "nenda B flati" linasita, nikiliambia "imba f" linakwenda. Kupanda juu ya cheusi kwa gumba si raha, mkono wote lazima uingie ndani zaidi kuelekea kwenye kifuniko. Nilipoacha kupiga kwenye ncha za vibao ikawa rahisi.

Utaratibu wa kila usiku: kwanza kulia peke yake huku naimba tena. Halafu kulia peke yake huku naimba besi. Hili la pili ni gumu kuliko linavyoonekana, nililia jasho. Halafu mikono miwili. Metronomu 56, nikitoboa mara tatu bila kosa naongeza nne. Nimefika 72.

Siku ya 47

Kwenye karatasi ya komunyo nimekuta safu isiyokaa sawa: s, t, r, na juu yake f. Sauti nne tofauti. Nikadhani ni kosa la mwandishi. Mwalimu kaniambia ni kodi ya tano yenye saba, kwenye F ni C, E, G, B flati. Kuipiga na kuiacha hivyohivyo huwezi, nyumba nzima inangoja. Nilijaribu: niliipiga nikaondoka kwenda kunywa maji. Mke wangu akapaza sauti kutoka uani, "Malizia basi!"

Nimepima kwa nini. Kati ya f na t kuna nusu toni sita, nusu kamili ya zile 12. t inataka kupanda d, iko nusu toni tu. f inataka kushuka m, nayo nusu toni tu. Kila moja inavutwa kwa nguvu kuelekea kwake. Kwa mkono mdogo kama wangu naacha r, napiga t, f, s: E, B flati, C kwenye F, nazipanga zinavyokaa karibu na vidole. Inatosha kabisa.

Siku ya 52

G. Cheusi kimoja tena, F shapu. B–D–G, C–E–G, A–D–F shapu, B–D–G. Siku tatu imekubali. F ilichukua tisa.

Siku ya 60

Mkono wa kushoto. Mpaka sasa ulikuwa unapiga besi moja na kulala. Mwalimu anataka utembee: d, halafu s ya chini, halafu d, kwenye mapigo. Hapa ndipo ufundi wangu umenisaidia kwa mara ya kwanza, maana kwenye cherehani mkono wa kushoto unaongoza kitambaa na wa kulia unashika gurudumu na hakuna anayemngoja mwenzake. Nimeacha kuutazama. Ukikosea nausikia.

Sasteni nimeazima tena. Kanuni niliyopewa: piga kodi kwanza, ndipo ubadilishe mguu, juu-chini, mara moja kwa kila kodi. Mguu umeanza kuelewa kwamba hapa hatushoni.

Siku ya 66

Malaria. Siku tano hakuna kitu. Niliporudi vidole vilikuwa vimesahau G lakini sikio halikusahau, na kukumbusha vidole ilikuwa kazi ya usiku mmoja.

Siku ya 79

E flati imenishinda kwa sasa. G–B flati–E flati, A flati–C–E flati, F–B flati–D. Nazijua kwa karatasi. Kwa mwendo wa wimbo, kodi ya nne inanichanganya kila mara, gumba linakwenda A. Nimemwambia Mwalimu ukweli. Kasema wimbo wa mwisho tutaimba kavu. Nikamwuliza kama tunaweza kuushusha uwe D au kuupandisha F. "Soprano F hawafiki, na D besi watazama. Mtunzi hakuchagua Doh kwa kupiga kura."

Siku ya 88, Jumapili

Betri sita mpya, waya nimeuacha nyumbani. Kitambaa bado kiko juu ya transipozi. Katekista alikiona, akauliza ni cha nini. Nikamwambia kimechanika, nimekitia kiraka.

Mwanzo, G: salama. Niliingia haraka kidogo, besi wakanivuta nyuma. Matoleo, F: salama, na kwenye mstari wa mwisho nilikuwa naimba m, f, r, m kwa mdomo na kwa gumba kwa pamoja, jambo ambalo sikulipanga. Komunyo, F: kwenye 2-5-1 ya beti la tatu nilipiga 2, nikapiga 2 tena, halafu 1. Dada wa alto alisikia. Mzee wa besi hakugeuka.

Wimbo wa mwisho, kavu, mikono mapajani.

Baada ya komunyo kuna "Amina" tunayoimba kwa kodi mbili, ya nne kwenda ya kwanza. B flati–D–F, A–C–F. Kidole kidogo hakiondoki F, viwili vinashuka. Niliiacha ilie mpaka ikazimika yenyewe, mguu chini.

Suti za kipaimara zote tisa zilikuwepo kanisani. Moja mkono wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia, niliishona wiki ya transipozi.

Siku ya 89

Doh = E flati. Metronomu 50. Gumba liko G, likifika kodi ya nne naliambia "f" badala ya "A flati". Mara saba kati ya kumi linatii. D ya juu bado hailii, ila wimbo huu haufiki huko.